Kupiga Picha za Kikapu cha Mtaani: Mwongozo wa Viwanja vya Kibaha na Kisarawe

Mpira wa kikapu wa ngazi za chini ni ule unaochezwa bila televisheni, bila tiketi na mara nyingi bila jukwaa: mechi za shule na vyuo, timu za mitaa, mabonanza ya sikukuu na ligi za mikoa. Mkoani Pwani mchezo huu hufuata shule. Kibaha, makao makuu ya mkoa, iko kama kilomita 40 magharibi mwa Dar es Salaam kwenye Barabara ya Morogoro. Kisarawe iko juu ya vilima vya Pugu, na anayetoka Dar es Salaam huifikia kwa kupita Gongo la Mboto na Pugu. Mpiga picha wa ridhaa, anayeshika kamera baada ya kazi au mwishoni mwa wiki, ana wajibu mkubwa kwenye viwanja vya miji hii, kwa sababu picha zake aghalabu ndizo kumbukumbu pekee ya mechi.

Mchezo na wachezaji wake

Nchini Tanzania mchezo husimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Kikapu, TBF, likifuatiwa na vyama vya mikoa. Ligi ya mkoa inayofahamika zaidi ni ya Dar es Salaam, BDL, yenye klabu kama Vijana, Savio, Pazi na JKT. Kijana wa Pwani mwenye kipaji huvutwa huko mapema, kwa kuwa safari yenyewe ni ya daladala mbili tatu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alifika mbali kuliko wote: mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika mchujo wa wachezaji wapya wa NBA. Njia hiyo ni ya wachache mno. Wengi wanaocheza Kibaha na Kisarawe watakuwa walimu, wauguzi, mafundi, askari na wafanyabiashara, na miaka yao ya kikapu itakwisha mapema.

Uwanja wa kikapu ni ghali kwa mtaa. Unahitaji sakafu ya saruji iliyosawazishwa, nguzo mbili imara, ubao na ringi, tofauti na soka inayotosheka na kiwanja chochote kilichofyekwa. Kwa hiyo viwanja hukutwa kwenye taasisi, na Pwani ina taasisi za elimu zenye historia ndefu. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Huko Mkuza, Kibaha, kuna shule za Filbert Bayi, mwanariadha aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974. Kisarawe ina Minaki, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1920 na leo ni shule ya sekondari ya Serikali.

Kwa kuwa mchezo umeshikamana na shule, timu hubadilika kila mwaka. Wa kidato cha nne na cha sita wanamaliza, wengine wanahama, na kikosi kilichokuwa pamoja mwezi Juni hakipo tena Januari. Mpiga picha anayelijua hilo hapigi nyota wa timu peke yake. Anahakikisha kwamba kila aliyevaa jezi siku hiyo, pamoja na yule aliyekaa benchi robo zote nne, ana angalau picha moja nzuri.

Jua, kivuli na taa

Karibu viwanja vyote vya ngazi hii ni vya wazi, hivyo mwanga ndio jambo la kwanza kuusoma. Kibaha na Kisarawe ziko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini kabisa; macho ya mchezaji hupotea kwenye kivuli cha paji la uso, na saruji nyeupe hung'aa kuliko sura yake. Mwezi Juni jua la mchana huelemea kaskazini, Desemba huelemea kusini. Anayejua hilo huchagua upande wa kukaa kabla timu hazijaanza kupasha misuli.

Uwanja wa nje uliopangwa vizuri hulala kaskazini kwa kusini ili jua la jioni lisiwapige wachezaji machoni. Vingine vimejengwa kufuata nafasi iliyobaki kati ya madarasa, na hapo ringi moja huwa na jua nyuma yake jioni nzima. Ringi hiyo hutoa picha za vivuli vya miili dhidi ya anga, ilhali ile ya pili hutoa sura zilizoangazwa vizuri. Mechi ina robo nne za dakika 10 kila moja, na timu hubadilishana vikapu baada ya mapumziko ya kati. Hivyo mpiga picha anayebaki upande wenye mwanga huziona timu zote mbili zikishambulia mbele yake, bila kuhama.

Saa bora huanza saa 10 jioni. Jua huzama kati ya kama saa 12:10 na saa 12:50, kutegemea mwezi, na giza huingia haraka. Mechi iliyochelewa kuanza humalizikia kwenye mwanga unaopungua kila dakika, na hapo ndipo mipangilio ya kamera huhitaji kuangaliwa mara kwa mara. Miembe iliyo kando ya uwanja huongeza tatizo lingine: madoa ya jua na kivuli yanayompitia mchezaji akikimbia. Dawa yake ni kuchagua eneo moja lenye mwanga wa aina moja, kulipimia mapema, na kusubiri mchezo ufike hapo.

Palipo na taa, umeme wa Tanzania hupita kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara 100 katika muda huo. Jicho halioni, lakini kamera inayopiga kwa kasi huona: picha moja hutoka angavu, inayofuata hutoka nyeusi au ya njano. Kamera nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kuzuia upepesaji huo. Isiyo nao hulazimu kupiga picha kadhaa mfululizo na kuchagua zilizoangukia mwanga uliojaa. Flashi isitumike bila idhini ya refa na makocha, maana humpiga machoni mchezaji aliye hewani.

Vifaa vya kutosha

Si lazima kuwa na kamera mpya. Kamera ya mtumba iliyokaguliwa vizuri, yenye uwezo wa kufuatilia kitu kinachotembea, pamoja na lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8, hutosha kuanzia. Uwanja rasmi una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, vipimo vidogo mbele ya uwanja wa soka, na mpiga picha hukaa karibu sana na mchezo. Lenzi ya milimita 50 hufaa chini ya ringi. Ya milimita 85 hufika mstari wa mitupo huru na zaidi. Ya milimita 70 hadi 200 huleta upande wa pili wa uwanja, lakini ni nzito na ni ghali, ije baadaye.

Simu nayo ina kazi yake. Hupiga vizuri benchi, watazamaji, ubao wa matokeo na picha ya pamoja, hasa jua likiwa bado juu. Kinachoishinda ni mchezaji anayeruka jioni, kwa sababu kitambuzi chake kidogo hulazimika kurefusha muda wa kunasa mwanga.

Vitu vidogo havina budi kupakiwa kabla ya safari: betri ya akiba iliyochajiwa, kadi mbili za kumbukumbu, kitambaa laini cha kufutia lenzi, mfuko wa plastiki wa kufunikia kamera, maji ya kunywa, daftari na kalamu. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, na cha vuli, Oktoba hadi Desemba, mvua inaweza kushuka katikati ya robo. Kiangazi vumbi jekundu hupanda kutoka pembeni mwa saruji, na ndilo adui mkubwa wa kitambuzi. Lenzi ibadilishwe ndani ya begi au kwa kuupa upepo mgongo.

Mipangilio ya kamera

Mambo matatu huamua mwanga wa picha: kasi ya shata, uwazi wa lenzi na ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga. Kwenye kikapu kasi ndiyo hupangwa kwanza. Sehemu 1 kwa 1,000 ya sekunde hugandisha karibu kila kitu, mpira ukiwemo. Sehemu 1 kwa 500 hutosha mwanga ukipungua, endapo mpiga picha atasubiri kilele cha mruko. Chini ya hapo mikono huanza kufutika. Uwazi hufunguliwa hadi f/2.8 au f/2, kisha ISO hupandishwa kadiri inavyohitajika, kutoka 200 mchana hadi 3,200 au 6,400 jua likizama. Picha yenye chembechembe husameheka; iliyotikisika haiokoki.

Kilele cha mruko kina sababu ya kifizikia. Mtu akiruka, nusu ya muda wote anaokuwa hewani hupita akiwa katika robo ya juu ya urefu wa mruko wake, kwa kuwa hapo ndipo mwendo wake ni mdogo kuliko popote. Ndiyo maana mchezaji huonekana kana kwamba ametundikwa hewani. Kidole kikibonyeza wakati magoti yanaanza kunyooka, na kamera ikipiga mfululizo mfupi wa picha nne au tano, mojawapo huangukia wakati huo.

Rangi ya ngozi inahitaji uangalifu wa makusudi. Filamu za rangi za karne ya 20 zilisawazishwa kwa kutumia kadi za sampuli zenye picha za wanawake wazungu, nyenzo ambayo Kodak walisambaza kwenye maabara kwa miaka mingi, na watu weusi walitoka kwenye picha hizo wakiwa giza lisilo na sura. Kamera za kidijitali ni bora zaidi, lakini kipima mwanga chake bado huchanganywa na jezi nyeupe, ubao mweupe na saruji inayong'aa. Kikiona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wa mchezaji huzama. Njia ya uhakika ni kupima mwanga kwenye uso au mkono wa mchezaji wakati wa kupasha misuli, kisha kuufunga mpangilio huo kwa mkono hadi jua libadilike. Ni bora anga la nyuma ling'ae kupita kiasi kuliko uso wa kijana aliyecheza kwa moyo wake wote kukosa macho.

Mahali pa kukaa na namna ya kuusoma mchezo

Sehemu nzuri kwa anayeanza ni nyuma ya mstari wa mwisho, kati ya nguzo na kona, nje ya mita mbili ambazo kanuni hutaka ziachwe wazi kuzunguka uwanja. Hapo anakaa chini au kupiga goti. Ringi iko mita 3.05 juu ya sakafu, na kamera iliyo chini humpa mchezaji urefu wake halisi wa mruko. Ikishikwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama, mruko ule ule huonekana mfupi. Wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia na hupenda kuishambulia ringi kwa upande huo, kwa hiyo kona inayowaelekea wakija ndiyo yenye sura nyingi kuliko migongo.

Kikapu hujirudia, na kujirudia huko ndiko humsaidia mpiga picha. Timu ina sekunde 24 za kushambulia. Baada ya dakika tano za kutazama hujulikana nani hupewa mpira mambo yakikwama, nani hurukia ribaundi kwa mikono miwili, nani hupiga pointi tatu kutoka kona ileile. Fokasi huwekwa kwa mtu huyo kabla mpira haujamfikia. Anayeufuata mpira kwa kamera huchelewa daima.

Mtupo huru ni zawadi kwa anayejifunza, kwani kila mtu husimama. Mchezaji hufika kwenye mstari, hufuta kiganja kwenye soksi, hudunda mpira mara mbili au tatu, kisha huuzungusha polepole mpaka mishono yake ikae chini ya ncha za vidole. Pumzi hutoka, mabega hushuka. Kandokando ya eneo la ringi wenzake na wapinzani wamekunja magoti, macho juu. Katika sekunde hizo tano kuna picha tatu: mikono juu ya mpira, uso peke yake, na mstari wa waliosubiri. Mpira ukishaondoka mkononi inabaki moja zaidi, nayo haiko kwenye ringi: ni ya mpigaji mwenyewe, kabla hajajua kama umeingia.

Yaliyo nje ya mpira

Nusu ya picha nzuri za ngazi hii hupatikana mpira ukiwa kwingine. Kocha, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa somo jingine, huchora mpango kwa kidole kwenye saruji. Mchezaji anayetoka humvulia mwenzake viatu, kwa sababu jozi nzuri ni moja. Watoto wa msingi hukaa kwenye ukingo wa uwanja wakishika mpira wa ziada na kusubiri mapumziko wapate kurusha. Mambo haya hueleza jinsi mchezo unavyoendeshwa kwa kuchangizana, na bila picha husahaulika haraka kuliko matokeo.

Meza ya waamuzi inastahili kupigwa karibu. Juu yake kuna karatasi ya matokeo, filimbi ya akiba, simu iliyoegeshwa kwenye chupa ya maji kuhesabu muda, na kalamu mbili. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, humtaka mwandishi wa matokeo atumie rangi mbili: nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu, nyeusi au buluu kwa robo ya pili na ya nne. Karatasi hiyo ikipigwa picha mara mbili, kabla ya mechi na baada ya kipenga cha mwisho, humpa mpiga picha majina, namba, pointi na faulo zote. Namba za jezi zihakikiwe kila mechi, maana jezi za timu huazimwa, na aliyevaa 11 Jumamosi hii huenda si aliyeivaa Jumamosi iliyopita.

Kushindwa nako kupigwe, kwa heshima. Mchezaji aliyekosa mtupo wa mwisho na kujifunika uso kwa jezi ni sehemu ya mechi. Picha hiyo ipigwe kwa mbali, isisambazwe kabla ya mwenyewe kuiona, na iambatane na ile ya dakika chache baadaye, wenzake walipomshika bega.

Ruhusa na sheria

Uwanja wa shule si mahali pa umma. Mpiga picha huanzia kwa mkuu wa shule au mwalimu wa michezo, akieleza anataka kupiga nini na picha zitakwenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, na picha ya uso ni mojawapo. Kwa walio chini ya miaka 18, idhini ya mzazi au mlezi ipatikane kupitia shule kabla ya kuchapisha chochote. Jina kamili la mtoto, shule yake na mahali anapoishi visiwekwe pamoja hadharani. Mchezaji akiomba picha fulani iondolewe, iondolewe bila mabishano. Njiani pia kuna mipaka: maeneo ya jeshi na mitambo ya Serikali hayapigwi picha.

Hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Timu ikitaka kuitumia kwenye bango, ni vizuri pande mbili ziandikiane ujumbe mfupi unaosema itumike wapi na jina la mpiga picha liwekwe.

Kuchagua, kuandika na kuhifadhi

Mechi moja huweza kutoa mamia ya picha. Uchaguzi ufanyike siku inayofuata, macho yakiwa yamepumzika, na zibaki 30 hadi 40: zinazoonyesha mchezo, zinazoonyesha watu, na angalau moja ya uwanja mzima ukiwa na majengo na miti yake. Hiyo ya uwanja mzima huonekana ya kawaida leo, lakini Kibaha na Kisarawe zinajengwa upya kila mwaka, na baada ya miaka kumi ndiyo watakayoitafuta watu.

Thamani ya picha za kawaida imeshathibitika kwenye pwani hii. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, akapiga familia, wanafunzi, harusi na mitaa. Leo picha za studio hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu muhimu za maisha ya Unguja. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kujulikana ulimwenguni kwa picha za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, alianzisha Camerapix akiwa kijana jijini Dar es Salaam mwaka 1963. Aliyeingia studio kwa Oza alitaka picha ya siku yake tu. Miaka ndiyo iliyoigeuza kuwa historia.

Picha isiyo na maelezo hupoteza nusu ya thamani yake. Kila iliyochaguliwa iandikiwe, ndani ya faili lenyewe, tarehe, uwanja, timu, jina na namba ya mchezaji, robo na matokeo ya mwisho. Jina la folda lianze na mwaka, mwezi na siku ili mechi zijipange zenyewe. Nakala ziwe mbili, zikae sehemu mbili tofauti: moja kwenye diski ya nyumbani, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa mtu anayeaminika.

Hatua ya mwisho ni kuzirudisha picha kwa waliocheza. Faili dogo la kutuma kwenye simu hutosha kwa furaha ya jioni ile, lakini simu huibiwa, hupotea na kuharibika. Mwisho wa msimu zichapishwe picha chache kwenye karatasi: moja ya kikosi kizima kwa ajili ya ofisi ya michezo ya shule au klabu, ikiwa na majina yote nyuma, na moja kwa kila anayemaliza shule au kuhama. Gharama yake inaweza kuchangwa na timu, na orodha ya waliopokea ibaki kwa mwalimu wa michezo, ili hata asiyecheza dakika nyingi awe na ushahidi wa kushika mkononi kwamba alikuwa mmoja wao.